Fristaili Si Kubahatisha: Waulize Watu wa Kamiriithu

Nasema tu ukweli: ukisikia mtu akijigamba "mimi sijiandai, napiga tu fristaili", mara nyingi ni uvivu umevaa suti. Kuna watu walimaliza huu mjadala zaidi ya miaka 40 iliyopita, na waliumaliza hapa hapa town.

Toka town na Waiyaki Way, pita Westlands, Kangemi, Uthiru, nyoosha mpaka Limuru. Huko kuna kijiji kinaitwa Kamiriithu. Mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda. Waigizaji walikuwa wakulima, vibarua na wafanyakazi wa viwandani. Ukumbi walijijengea wenyewe, bila paa.

Sasa skiza vile walifanya. Mazoezi yalikuwa wazi, kila mtu akiona. Yeyote alikuwa na ruhusa ya kusimama, kutazama na kurekebisha. Wazee walisema vile mzee huongea haswa, akina mama wakaonyesha nyimbo za harusi huenda vipi. Waandishi wawili wasomi wanafunzwa na watu ambao wengine hata hawakujua kusoma! Skripti ikabadilika mikononi mwa kijiji, kwa miezi.

Shoo ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Novemba serikali ikaipiga marufuku. Desemba ikiisha, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi, karibu mwaka mzima.

Wengi wangenyamaza. Hawa walirudi mapema 1982 na mchezo wa nyimbo, Maitũ Njugĩra, wakitaka kuuonyesha National Theatre, pale karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Kufika, milango imefungwa na polisi wako hapo.

Ungefanya nini? Wao walihamia chuoni, wakaendelea na "mazoezi". Hawakuwa na kibali cha shoo, sawa, lakini nani hukata tiketi ya mazoezi? Watu walikuja kwa maelfu, wengine kwa mabasi na matatu kutoka mashambani. Mazoezi yakawa ndiyo shoo yenyewe, mpaka huko pia wakafukuzwa. Machi 1982 serikali ikabomoa ukumbi wao wa Kamiriithu.

Hiyo janja ya chuoni inakaa kama wazo la dakika moja. Lakini angalia vizuri: ilikuwa na miaka mitano ndani yake. Kundi lililozoea kufanya mazoezi mbele ya kijiji kizima halishtuki likiona umati. Mtu aliyezoea kukatizwa na mzee katikati ya mstari hapotezi njia mlango ukifungwa. Walikuwa wamejifunza kusikiliza kwanza, kisha kujibu. Kubuni papo hapo ni hiyo tu.

Sisi wa kontenti tunafanya kinyume. Tunarekodi peke yetu chumbani, mtu akiturekebisha kwa maoni tunambloki, alafu tunashangaa mbona tukipewa maiki ya kweli tunaganda.

Kwa hivyo ukitaka kuiva, onyesha watu kazi ikiwa bado mbichi. Mpe nyanya yako, mpe kondakta, mpe mama mboga. Wacha wakukatize. Akaunti inaweza kufungwa kesho, ukumbi unaweza kubomolewa. Kile watu walikufunza hakuna trakta inaweza kukifikia.