Uwindaji katika Ardhi ya Jeshi la Marekani

Mwaka 1940 msitu wa taifa wa Choctawhatchee, jimboni Florida, ulitiwa mikononi mwa jeshi, ukawa sehemu ya uwanja wa Eglin wa kujaribia silaha. Palipokuwa pa umma pakawa pa kuingiwa kwa idhini. Swali likazuka: uwindaji ndani ya mpaka wa jeshi ufuate amri ya nani? Sheria ya 1958 ilijibu kuwa askari na raia sawasawa wafuate sheria za uwindaji za jimbo na kuchukua leseni. Sheria ya Sikes ya 1960 iliongeza kuwa ada za vibali zitumike kuhifadhi wanyama papo hapo. Marekebisho ya 1997 yaliusisitiza mlango wa umma, lakini kwa kadiri usalama na mazoezi yanavyoruhusu. Basi raia alipewa ruhusa, hakupewa haki.