Ufunuo juu ya Duma

Ufunuo juu ya Duma, jina linalohusishwa hapa na Edomu, ni unabii mfupi katika Isaya 21:11–12. Mtu wa Seiri, nchi ya Edomu, anamwuliza mlinzi mara mbili habari za usiku. Anajibiwa kwamba asubuhi inakuja na usiku nao unakuja. Akitaka, arudi kuuliza tena. Baadhi ya wafasiri huona hapa nafuu fupi kati ya ukandamizaji wa Ashuru na ule wa Babeli. Talmudi ya Yerusalemu inatenga asubuhi kwa wenye haki, usiku kwa waovu. Ufafanuzi huo unafariji, lakini mlinzi mwenyewe habagui watu: aliyeuliza ndiye atakayeona mapambazuko, na giza litamkuta yeye yuleyule. Mwaka 1917, mwanasosholojia Max Weber alihitimisha kwa unabii huu mhadhara wake wa München kuhusu sayansi.