Ng'ombe wa Mama: Jinsi Wanawake wa Kimaasai Walivyofutwa Daftarini

Umoja wa Mataifa umeutenga 2026 kuwa mwaka wa nyanda za malisho na wafugaji, na pia mwaka wa mwanamke mkulima. Kwa Umaasaini, hayo mawili ni jambo moja.

Mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson, katika kitabu chake cha 2001, Once Intrepid Warriors, anaonyesha kuwa zamani ng'ombe mmoja alikuwa na wenyewe kadhaa. Mke alikabidhiwa ng'ombe wa nyumba yake. Mume hakuwaondoa bila kuzungumza naye, na wanawe waliwarithi kupitia kwake. Maziwa yalikuwa mamlaka yake. Hadi leo, alfajiri kabla mifugo haijatoka, mama hukamua chuchu mbili na kumwachia ndama mbili. Kibuyu hukifukiza kwa kijinga cha mti wa oloirien ili maziwa yakae na yapate ladha. Ndama wachanga na wagonjwa ni wake kuwatunza. Ziada ya maziwa na ngozi ilibadilishwa na wanawake kwa nafaka za majirani wakulima, na kaya nyingi zilivuka ukame kwa mikono hiyo.

Waingereza walipotoza kodi walimdai mwanamume, wakamwandika yeye kuwa mwenye mifugo. Baada ya uhuru, mradi mkubwa wa ufugaji uliofadhiliwa na Marekani katika miaka ya 1970 ulileta majosho, madume bora na jumuiya za ranchi zilizoandikisha wanaume. Mradi ulitaka nyama. Maziwa, chakula cha watoto, hayakupewa uzito, na hilo ni kosa lisilosameheka.

Lakini akina mama hawakunyamaza. Julai 2009 maboma ya Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, yalichomwa moto ili kupisha kitalu cha uwindaji. Aprili 2010 wanawake walitoka vijijini kwenda kurudisha kadi zao za chama tawala, CCM. Polisi walijaribu kuwazuia, lakini kadi zilirudishwa kwa mamia. Katika chama kilichozoea kuwahesabu akina mama kuwa kura zake za uhakika, hicho kilikuwa kishindo. Mwaka 2013, serikali ilipotaka kilometa za mraba 1,500 za malisho, walikusanyika tena, na Septemba Waziri Mkuu Mizengo Pinda akawaambia wananchi mpango umeachwa. Juni 2022 vigingi vya mpaka vilisimikwa hata hivyo.

Sasa daftari jipya linaandikwa: ng'ombe wanachanjwa na kuvalishwa hereni za utambuzi nchi nzima. Afisa mifugo anayeandika jina la baba aandike pia jina la mama ambaye ng'ombe huyo ni wa nyumba yake.