Duara la Wicca lina umri gani?

Leo tunaingia kwenye historia ya dini, na mada yetu ni mstari mmoja tu: duara linalochorwa kabla ya ibada ya Wicca, dini ya wapagani wa kisasa iliyoanzia Uingereza. Ukiwauliza watu duara hili limetoka wapi, wengi watakujibu kwamba ni la tangu enzi na enzi, kabla Ukristo haujafika Ulaya, na kwamba wachawi wa vijijini walirithishana kwa siri. Jibu hilo linavutia. Shida ni kwamba nyaraka hazikubaliani nalo. Hebu tuzifuate nyaraka zenyewe tuone zinatufikisha wapi.

Kwanza, linachorwaje?

Kila kikundi kina namna yake, ila utaratibu wa kawaida uko hivi. Mahali panafagiwa. Inawekwa meza ya ibada yenye mishumaa, maji, chumvi na ubani. Kiongozi anashika kisu chenye mpini mweusi kinachoitwa athame, anazunguka kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, na kwa ncha ya kisu "anachora" duara. Si lazima mstari uonekane. Wakati mwingine huwekwa kwa chaki au kamba, wakati mwingine ni hewani tu.

Baadaye maji yaliyotiwa chumvi yananyunyizwa kuzunguka duara, na ubani unapitishwa njia hiyohiyo. Kisha zinaitwa pande nne za dunia: mashariki na hewa, kusini na moto, magharibi na maji, kaskazini na ardhi. Kuanzia hapo hakuna kutoka ovyo. Ukibanwa na haja, unafunguliwa "mlango" kwa kisu, unatoka, halafu unafungwa tena. Ibada ikiisha, pande nne zinaagwa na duara linafunguliwa.

Kipimo kilichoandikwa na Gerald Gardner, mtu aliyeitangaza dini hii, ni duara la kipenyo cha futi 9, yaani kama mita 2.7. Ikumbuke hiyo namba 9, tutairudia.

Maduara ya zamani kweli

Sasa tusiwe wachoyo: kuchora duara kwa ajili ya mambo ya kiroho ni jambo la kale sana. Babeli na Ashuru walikuwa na duara la unga lililoitwa zisurrû. Mganga alimwaga unga kuzunguka kitanda cha mgonjwa, au kuzunguka vinyago vya kinga, ili mizimu na uchawi visipite. Maelekezo yake yamebaki kwenye vibao vya udongo mpaka leo. Angalia vizuri nani anazuiliwa pale: mchawi ndiye anayewekwa nje.

Kwa Wayahudi kuna Honi, mtu wa karne ya 1 kabla ya Kristo, ambaye Mishna inamwita mchora duara. Mvua ilikuwa imegoma. Akachora duara, akasimama ndani, akamwambia Mungu kwamba hatoki mpaka mvua inyeshe. Yeye hakuwa anajikinga na pepo. Ule ulikuwa mgomo, kama mtoto anayekaa mlangoni kwa baba yake mpaka apewe.

Twende Ulaya ya zama za kati. Hapa duara linabadilika kazi tena. Katika maktaba ya taifa ya Bavaria, jijini Munich, kuna kitabu kilichoandikwa kwa mkono katika karne ya 15 kinachofundisha kuita mashetani, chenye michoro mingi ya maduara. Mwanahistoria Richard Kieckhefer alikichapisha na kukichambua mwaka 1997. Utaratibu wake ni huu: unachora duara lenye majina matakatifu, unasimama ndani, unaliita shetani lije kukutumikia. Shetani linakaa nje. Duara ni ukuta wako. Ukitoka kabla ya wakati, imekula kwako.

Na waliokuwa wakifanya haya ni akina nani? Siyo bibi kizee wa kijijini mwenye paka. Kieckhefer anaonyesha kwamba wengi walikuwa watu wa kanisa: mapadri wa ngazi za chini, watawa, wanafunzi. Ni rahisi kuona sababu. Vitabu hivyo vilikuwa kwa Kilatini, na maneno yake yaliiga sala za kanisa za kufukuza pepo. Bila shule huwezi.

Msanii wa Italia Benvenuto Cellini ametuachia simulizi ya tukio la namna hii la miaka ya 1530. Anasema padri mmoja kutoka Sisili alimpeleka usiku kwenye uwanja wa Colosseum, Roma, akachora maduara na kufukiza manukato pamoja na mvuje. Ndiyo, mvuje huuhuu unaojulikana na wazee wetu wa pwani. Kwa maelezo yake, mashetani yalikuja mengi kuliko walivyotarajia, na wote waliokuwemo ndani ya duara walitetemeka. Uamini usiamini, ila ona mpangilio: padri, vitabu, duara, mashetani nje.

Kutoka maktaba hadi msituni

Kitabu maarufu kuliko vyote vya aina hii kinaitwa Ufunguo wa Sulemani. Kinadai ni cha Mfalme Sulemani, lakini nakala zake zinazojulikana zinaanzia mwishoni mwa zama za kati na karne zilizofuata. Mwaka 1889, Samuel Liddell MacGregor Mathers alichapisha tafsiri yake ya Kiingereza, akitumia nakala za mkono zilizokuwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Mwaka mmoja kabla, yeye na wenzake wawili walikuwa wameanzisha chama cha siri cha Golden Dawn, ambacho wanachama wake walifundishwa kuchora duara, kuita pande nne na kuzihusisha na hewa, moto, maji na ardhi.

Ndani ya tafsiri ile ya Mathers utakuta kisu chenye mpini mweusi, na kazi yake imetajwa wazi: kuchora duara. Utakuta pia kamba ya futi 9 ya kupimia. Tofauti ni moja ndogo. Kwa Mathers, kamba inafungwa katikati na kuzungushwa, kwa hiyo futi 9 ni kutoka katikati hadi ukingoni, na duara zima lina upana wa futi 18. Kwa Gardner, futi 9 ni upana wote. Kwa mpelelezi wa maandishi, jambo kama hili ni alama ya kidole: namba imehama, maana yake ikapotea njiani.

Huyu Gardner alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1884 karibu na Liverpool. Alifanya kazi miaka mingi Asia, ikiwemo kwenye mashamba ya mpira na baadaye katika idara ya forodha huko Malaya. Alistaafu mwaka 1936 akarudi Uingereza. Alidai kwamba mwaka 1939, katika eneo la New Forest, aliingizwa kwenye kundi la wachawi waliorithi dini ya kale. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735 ilipofutwa mwaka 1951, akajitangaza hadharani, na mwaka 1954 akatoa kitabu chake kinachojulikana zaidi, Witchcraft Today.

Baada ya kifo chake mwaka 1964, watafiti walilipata na kulisoma daftari lake la zamani la ibada. Ndani yake mmejaa manukuu kutoka Ufunguo wa Sulemani wa Mathers na kazi za Aleister Crowley, ambaye Gardner alikutana naye mwaka 1947. Hata Doreen Valiente, aliyeingizwa kwenye kundi la Gardner mwaka 1953, aliyatambua mapema maneno ya Crowley ndani ya ibada. Alimweleza Gardner waziwazi, na kazi ya kuandika upya sehemu kubwa ya maneno ikamwangukia yeye.

Kwa hiyo Gardner alinakili tu? Hapana, na hapa ndipo penye utamu. Mwenyewe anaeleza katika kitabu cha 1954 kwamba duara la wachawi wake si lile la waita mashetani. Lile la zamani lilizuia mabaya yasiingie. Hili la kwake, anasema, linazuia nguvu zinazotoka miilini mwa waabudu zisitawanyike. Yaani ukuta umegeuka chungu. Mstari ni uleule, kisu ni kilekile, namba ni ileile, lakini kazi imegeuzwa. Mshirika hajifichi tena. Anapika kitu humo ndani pamoja na wenzake. Huo ni ubunifu halisi wa kidini, na una umri wa chini ya miaka mia moja.

Mbona watu waliamini ni la kale?

Sehemu kubwa ya lawama inamwangukia msomi. Margaret Murray alikuwa mtaalamu wa historia ya Misri katika University College London. Mwaka 1921 alichapisha kitabu kikidai kwamba walioshtakiwa kwa uchawi Ulaya walikuwa waumini wa dini moja ya kale iliyojificha. Akapewa hata kuandika makala kuhusu uchawi kwenye ensaiklopidia ya Britannica, na yeye ndiye aliyeandika utangulizi wa kitabu cha Gardner.

Mwaka 1975 Norman Cohn alirudi kwenye vyanzo vya Murray, sentensi kwa sentensi. Kumbe pale ambapo shahidi alisema mambo yanayowezekana, kama watu kukutana na kucheza ngoma, Murray alinukuu. Pale shahidi yuleyule aliposema ameruka angani au amegeuka mnyama, akaruka mistari. Ukikata yasiyowezekana, ushahidi wa mateso unageuka kuwa ripoti ya mkutano. Mwaka 1999 Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol akatoa historia kamili ya Wicca. Hakuna waraka uliopatikana mpaka leo unaoonyesha ibada hizi zikifanyika kabla ya karne ya 20.

Kuna na namba nyingine iliyosafiri bila tiketi: eti wachawi milioni 9 walichomwa Ulaya. Ilitokana na hesabu ya Gottfried Christian Voigt, Mjerumani wa karne ya 18, aliyechukua kesi za mji wake na kuzizidisha kwa Ulaya nzima na karne nyingi. Wanahistoria wa leo wanakadiria kati ya watu 40,000 na 60,000 waliouawa. Hiyo inatosha kabisa kuwa janga, haihitaji chumvi.

Kwa nini tunalileta huku?

Kwa sababu ya neno moja. Waumini wengi wa Wicca wanajiita kwa neno la Kiingereza ambalo kamusi zetu zinalitafsiri kuwa "mchawi". Lakini kwetu mchawi ni mtu anayedhuru wenzake kwa siri. Ukitafsiri bila maelezo, umemhukumu muumini wa watu kabla hujamjua. Katika sensa ya mwaka 2021, takriban watu 13,000 huko England na Wales waliandika Wicca kuwa dini yao. Hao hawaiti mashetani, wala hawaamini kwamba Shetani yupo.

Hatari inakwenda upande wa pili pia. Ukisema walioshtakiwa zamani walikuwa kweli waumini wa dini ya siri, unakubaliana na hakimu aliyewahukumu kwamba kulikuwa na kitu kimefichwa. Wengi wao walikuwa Wakristo wa kawaida waliogombana na jirani, wakateswa mpaka wakataja majina. Tanzania tunaijua hadithi hiyo. Huko Usukumani bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni wa miaka mingi unatosha kuyaeleza. Waingereza walituletea sheria ya uchawi ya mwaka 1928, wao wakafuta ya kwao mwaka 1951. Ya kwetu bado imo vitabuni, na inakataza pia kumtaja mtu kuwa mchawi.

Je, kugundua kwamba duara la Wicca ni jipya kunaliharibia waumini? Si lazima. Wengi wamesoma Hutton na wanaendelea kuabudu. Wapagani wengi wa Australia wanazunguka kinyume na mshale wa saa, kwa sababu upande wao wa dunia jua la mchana linapita kaskazini, na ukiliangalia linakwenda kutoka kulia kwenda kushoto. Hawakungoja kibali cha mababu. Waliangalia anga lao, wakageuza mwendo.

Wewe msomaji, siku nyingine ukiambiwa jambo fulani "ni la tangu zamani", uliza maswali matatu: andiko la kwanza linalolitaja ni la lini, aliyeliandika alikuwa nani, na wakati huo lilifanya kazi gani? Kwa duara letu majibu yalitupitisha kwenye unga wa Babeli, mvuje wa Colosseum, maktaba ya London na daftari la mstaafu wa forodha. Jaribu maswali hayohayo kwenye mila ya kwenu uone yatakufikisha wapi.