Askari, Mkimbizi, Mwanafunzi: Sura Anazovishwa Msemaji wa Kiswahili Mbarara

Walimu wenzetu mnaofundisha magharibi mwa Uganda mnalijua swali hili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisema nyumbani kwao kwamba amechagua Kiswahili chuoni, huulizwa kama anataka kuwa askari. Akiwa msichana huambiwa maneno mabaya zaidi ya hayo. Na akiwa ametoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, haulizwi chochote. Hudhaniwa tu kwamba amekimbilia somo rahisi. Katika makala haya tunataka kuzifuata dhana hizi hadi zilikoanzia, kwa sababu aghalabu tunazikuta darasani kabla hata hatujaandika neno la kwanza ubaoni.

Bwizibwera ni mji mdogo ulio kaskazini ya Mbarara, katika barabara ya kwenda Ibanda. Wanafunzi wa ualimu wanaokwenda huko kwa mazoezi ya kufundisha hurudi wakisema kwamba watu hawataki Kiswahili. Lakini sokoni pale pale mama atakuuzia sukaari, atahesabu fedha juu ya emeeza, na mtoto wake atapita amekumbatia ekitabo. Maneno hayo yamo katika Runyankore kwa muda mrefu, na asili yake ni biashara na mafunzo yaliyotoka upande wa pwani. Hakuna anayetaja sukari akamkumbuka mwanajeshi. Kwa hiyo chuki, ikiwa chuki ndilo neno lake, haikutokana na sauti ya lugha wala na maneno yake.

Yafaa turudi mwaka 1927. Mwaka huo Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Viongozi wa misheni walikataa, wengi wao wakikiona kuwa ni lugha ya Waislamu. Kabaka Daudi Chwa naye aliandika kukipinga mwaka 1929. Wako wanaomcheka Kabaka leo kwa kukosa kuona mbali. Sisi hatumcheki. Wakati ule serikali ya Uingereza ilikuwa ikifikiria kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika, na huko Kenya walowezi wa Kizungu walikuwa wameshachukua ardhi nzuri na kumfanya Mwafrika kibarua juu yake. Kiswahili ambacho mlowezi alikijua kilikuwa kile cha kumwamrisha mpishi na mchunga ng'ombe. Waganda walioogopa kuletewa lugha hiyo waliogopa pia kuletewa cheo kilichoandamana nayo. Hofu yao ilikuwa ya rangi na ardhi, ingawa walizungumza juu ya sarufi na shule.

Matokeo yake tunaishi nayo. Mwaka 1952 Kiswahili kiliacha kuhesabiwa miongoni mwa lugha za shuleni nchini Uganda, isipokuwa katika shule za polisi. Jeshini kiliendelea, maana kilikuwa lugha ya King's African Rifles tangu zamani. Lugha ikatolewa kwa mwalimu ikaachiwa sajini. Mtoto wa kijijini ambaye hakuisikia darasani aliisikia mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki, na huyo ndiye aliyempa sura ya Mswahili.

Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, sura hiyo ilikomaa. Ni kweli kwamba wajumbe wa wilaya waliulizwa maoni yao mwaka 1972, na wilaya 12 zikataka Kiswahili dhidi ya 8 zilizotaka Luganda, kisha mwaka 1973 kikatangazwa lugha ya taifa. Jambo hili husahauliwa: zaidi ya nusu ya wilaya zilikitaka. Lakini nani angeikumbuka kura hiyo katika mji wa Mbarara, ambako kambi ya Simba ilikuwa imekwisha kuwa jina la kutisha? Septemba 1972 mji ulishambuliwa na wapiganaji waliotoka Tanzania kutaka kumwondoa Amin, wakashindwa. Februari 1979 jeshi la Tanzania liliuteka, na majengo mengi yakabomoka. Waliokuja kuwakomboa walisema Kiswahili kama waliowatesa. Miaka michache baadaye, chini ya serikali ya pili ya Obote, maneno mawili mepesi tunayoyafundisha katika somo la usafiri, panda gari, yakawa jina la msako wa kuwakusanya watu na kuwapeleka wasikojulikana. Mwalimu anayeandika maneno hayo ubaoni huko Buganda asishangae mzee akinyamaza.

Sasa tutazame ng'ambo ya mpaka. Mashariki ya Kongo, kuanzia Ituri hadi Kivu na Katanga, Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, kanisa na jirani. Lugha ya askari wa Mobutu ilikuwa Lingala, na huko Bukavu au Goma ni Lingala iliyowatia watu hofu kituoni. Mambo yalipinduka mwaka 1997, majeshi ya Laurent Kabila yalipoingia Kinshasa na vijana wanaosema Kiswahili: wakazi wa mji ule wa Lingala wakaona katika lugha yetu kile kile ambacho watu wa Mbarara waliwahi kukiona. Dhana inamfuata mwenye silaha, iwe lugha gani.

Ndiyo maana kijana wa Kikongo anapofika Nakivale hushangaa. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na leo yana watu zaidi ya laki moja na nusu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Kiswahili kimekuwa daraja kati yao. Kijana huyu amekitumia kumwombea mgonjwa dawa na kumtongoza mpenzi. Kisha anaingia chuoni anakuta lugha hiyo inaitwa ya wezi na wanajeshi.

Na bado hajamaliza. Wenzake humtazama pua na urefu wakamuuliza ni mtu wa wapi hasa. Swali hilo nalo lina baba yake. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha kitabu chake cha safari, akidai kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu, Wahima miongoni mwao, walikuwa watu wa asili ya Uhabeshi. Kutoka hapo pua ikawa cheti cha kuzaliwa. Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara kama ilivyokuwa wakati ule, maelfu ya watu walioitwa Wanyarwanda walifukuzwa makwao, raia wakiwemo. Takribani 40,000 walivuka kwenda Rwanda, na wengine wengi wakasukumwa katika makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo. Mwanafunzi anayejibu swali la pua kwa uwongo mdogo ana sababu zake.

Sheria imetangulia mbele ya watu. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watatafutwa. Wengi kati ya wanaokisema kwa ufasaha wako Nakivale, nao husahihishwa kwa wino mwekundu kwa sababu wanasema batoto na niko nakula. Kiswahili sanifu lazima wakijue, hatubishani. Mtihani hauna huruma. Lakini hicho sanifu kilichaguliwa na watu waliokutana Mombasa mwaka 1928, wakachukua Kiunguja, na kamati yake ikaanza kazi mwaka 1930. Kina tarehe ya kuzaliwa kama vile Kiswahili cha Bukavu kilivyo na njia yake ya misafara.

Kuna zoezi tunalolipenda katika somo la ngeli. Tunaandika ubaoni watu, kisha batu ya Kivu, kisha tunamwomba mwanafunzi wa Bwizibwera, aghalabu yule anayecheka zaidi, aandike anavyosema mama yake. Anaandika abantu. Darasa hunyamaza kidogo, halafu mtu wa nyuma huuliza ni nani basi aliyeichukua hiyo ba- kwa mwenzake, na kipindi kinaisha kabla hatujafika kwenye ngeli ya pili.