Kwa Nini Ushirika Ulistawi Huku, Ukachelewa Kule

Katika miaka hii kumi ya Chama chetu Kikuu tumeulizwa mara nyingi: mbona wilaya nyingine zilijaa vyama vya ushirika, na nyingine zilikuwa na viwili au vitatu tu? Wako wajibuo upesi kwamba wenzetu ni wavivu. Sisi hatulikubali jibu hilo.

Tutazame Tanganyika. Kilimanjaro wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ikatungwa 1932, na KNCU ikazaliwa 1933. Kahawa haina faida kwa mkulima mpaka iuzwe, na shule za misheni zilikwisha kutoa vijana wa kushika daftari. Usukumani pamba ilikuwako zamani, lakini ni mizani ya wanunuzi iliyowakusanya watu. Wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe, na kufika 1955 vyama vyao vya pamba vilikuwa na shirikisho lao.

Ugogo palikuwa na nini cha kupima? Mvua haba, na uwele wao waliula nyumbani.

Baada ya Uhuru wa 1961 Serikali ilianzisha vyama hata pale ambapo wakulima hawakuviomba. Kamati ya Rais ya 1966 ikakuta upungufu wa watumishi wenye ujuzi, na wanachama wasioelewa vema mambo ya chama chao.

Kwa hiyo, kuhusu vijiji vinavyoomba kuandikishwa mwaka huu, twaishauri Halmashauri iulize kwanza watauza mazao gani pamoja, na nani miongoni mwao atakayeandika hesabu.