Manjano yasiyoisha kwa mtoto mchanga: uvimbe wa mrija wa nyongo

Watoto wengi huwa na macho na ngozi ya manjano siku chache baada ya kuzaliwa, na kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya wiki mbili. Manjano yakizidi siku 14, mtoto anahitaji kupimwa, hata kama ananyonya vizuri na anaongezeka uzito. Sababu mojawapo, ingawa hutokea kwa nadra, ni uvimbe wa mrija wa nyongo.

Uvimbe huu ni nini?

Ini hutengeneza nyongo, majimaji yanayosaidia kusaga mafuta. Nyongo hupita kwenye mrija mwembamba hadi kwenye utumbo, na ndiyo inayokipa choo rangi yake. Baadhi ya watoto huzaliwa na mrija uliotanuka kama kifuko. Nyongo ikikwama humo, choo hukosa rangi na ini huanza kuumia. Tatizo hili huonekana zaidi kwa watoto wa kike. Halitokani na chakula ulichokula ukiwa mjamzito, wala si kurogwa.

Dalili za kuangalia

- Choo cheupe kama chokaa, au cha kijivu. Choo cha kawaida huwa cha njano, kijani au kahawia.
- Mkojo mzito kama chai ya rangi, unaoacha doa kwenye nepi.
- Macho ya manjano. Yaangalie mchana, nje ya nyumba. Usiku kwenye taa ni rahisi kukosea.
- Uvimbe tumboni, upande wa kulia chini ya mbavu.

Mtoto akiwa na homa, akitapika, akikataa kunyonya, au akitoka damu puani au kitovuni, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kumwotesha jua la asubuhi hakufungui mrija. Dawa za mitishamba zinaweza kuliumiza zaidi ini. Endelea kumnyonyesha.

Vipimo

Kipimo cha damu huonyesha kama nyongo imekwama. Kipimo cha ultrasaundi, ambacho hakimuumizi mtoto, huonyesha kifuko chenyewe. Vipimo hivi pia humsaidia daktari kutambua ugonjwa mwingine unaofanana na huu, ambao mirija ya nyongo imeziba kabisa. Upasuaji wa ugonjwa huo hufanikiwa zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60. Kwa hiyo usisubiri siku ya chanjo ya wiki ya 6.

Matibabu

Hakuna dawa ya kunywa inayoondoa kifuko hiki. Daktari bingwa wa upasuaji hukiondoa, kisha huunganisha njia ya nyongo na utumbo. Kikiachwa, kinaweza kuleta maambukizi, kovu kwenye ini, na hata saratani ukubwani. Kabla ya upasuaji mtoto anaweza kupewa vitamini K ili asitoke damu nyingi, na antibiotiki kama ana maambukizi. Watoto wengi hupona na kukua vizuri, ila lazima waendelee kuhudhuria kliniki kwa miaka mingi.

Uanzie wapi?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, Hospitali ya Wilaya ya Kyela, au Hospitali ya Matema kama uko upande huo wa ziwa. Omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya; kutoka huko mtoto anaweza kupelekwa Muhimbili, Dar es Salaam. Kutoka Kyela hadi Mbeya kupitia Tukuyu ni zaidi ya kilomita 100, hivyo jipange mapema na familia. Nauli au gharama zikikushinda, onana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Beba kadi ya kliniki, majibu ya vipimo, na picha ya choo kwenye simu. Ukifika, sema wazi: “Mtoto wangu ana siku kadhaa zaidi ya 14, bado ana manjano, na choo chake ni cheupe. Naomba apimwe ini na nyongo.” Ukiambiwa yataisha yenyewe na choo bado ni cheupe, rudi tena kesho yake. Wewe ndiye unayeiona nepi kila siku.